Wakili wa ufilisi hapa Tanga: nyota nne kati ya tano

Naandika kuhusu ofisi moja ndogo ya uwakili hapa Tanga mjini, iliyonisimamia tangu madeni yaliponielemea mpaka Mahakama Kuu iliponitangaza muflisi. Jina la ofisi sitalitaja. Kanuni za maadili ya mawakili zinawabana sana kwenye kujitangaza, na wakili wangu aliniomba nisije nikamponza kwa nia njema. Anayeniuliza ana kwa ana namwelekeza mpaka mlangoni. Hapa nitaeleza kazi aliyonifanyia, maana wengi ninaoongea nao hawajui kwamba mdaiwa mwenyewe anaweza kwenda mahakamani, akasema nimeshindwa kulipa, akaomba mali zake zisimamiwe na kugawiwa wadai kwa utaratibu. Sheria ipo. Ni ya zamani, ya enzi za mkoloni: Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Ngamiani, na miaka mingi nimekula kwa sare za shule. Anayeijua kazi hii anajua msimu wake. Kuanzia Novemba unachukua vitambaa kwa mali kauli, unaongeza mafundi, mnashona usiku na mchana, halafu Januari shule zikifunguliwa ndiyo unashika hela. Nilipata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nikakopa kuitimiza. Sare zikachukuliwa zote, hela haikuja. Aliyeniagiza simtaji. Nilipopanda ngazi za ofisi ile nilikuwa nadaiwa karibu shilingi milioni 38: benki, SACCOS, taasisi mbili za mikopo midogo, kikoba chetu cha mtaani, muuza vitambaa wa jumla, na mkopo wa kwenye simu. Muuza vitambaa alikuwa na hukumu mkononi na ameshaomba nipelekwe jela kama mfungwa wa madai. Hiyo inaweza kufika miezi sita, mdai ndiye anayelipia chakula chako, na ukitoka deni liko palepale.

Kikao cha kwanza kililipiwa elfu hamsini na risiti ya EFD nikapewa kabla sijakaa vizuri. Nilikwenda na mfuko wa rambo umejaa karatasi, nikidhani nitaambiwa gharama ya kufungua shauri. Wakili, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, akamwaga karatasi zote mezani, akaanza kuzipanga moja moja. "Mama, neno ufilisi tuliweke pembeni kwanza. Tujue unadaiwa na nani, na ana karatasi gani." Akapiga mistari kwa rula kwenye karatasi ya daftari: jina la mdai, alichotoa, nilichorejesha, riba, dhamana, mdhamini, hukumu. Tulijaza hadi adhuhuri. Sehemu nyingi nilikuwa najua marejesho ya wiki tu. Jumla ya nilichokwisha kulipa sikuwahi kuiona ikiandikwa mahali pamoja. Mkopo mmoja nilikuwa nimeshaulipa kiasi cha asili na zaidi, na bado nilikuwa nadaiwa karibu chote.

Kwenye safu ya mdhamini kalamu yake ilisimama. Mkopo wa SACCOS ulikuwa umedhaminiwa na kaka yangu, mwalimu mstaafu, anaishi Korogwe. Akauliza: "Kaka anajua hali imefika hapa?" Nikamwambia hajui, na sikutaka ajue. Akaweka kalamu chini.

"Hili ndilo ningependa ulielewe kuliko yote, Mama. Mahakama ikikukinga wewe, haimkingi yeye. Wewe ukitangazwa muflisi, SACCOS hawawezi kukufuata wewe barabarani, lakini mkataba wake na wao uko hai. Watakwenda kwake. Sifungui chochote mpaka kaka yako amelisikia hili kwa mdomo wako au wangu."

Nilikasirika siku ile, nasema kweli, kwa sababu nilikwenda kutafuta nafuu nikaongezewa mzigo wa kumwambia kaka. Lakini kaka alikuja. Wakili alimwamkia shikamoo, akamsogezea kiti cha karibu na feni, akamsomea mkataba wa udhamini aliousaini, mstari kwa mstari, kwa sauti ya kawaida. Kaka alinyamaza kitambo. Kisha: "Kwa hiyo nitakayelipa ni mimi?"

"Ndiyo, Mzee. Lakini leo hawajakuandikia barua. Tukitangulia sisi kwenda kwao, tutaongea tukiwa bado tuna nafasi."

Wakaenda SACCOS wote wawili. Wakili akaomba marejesho yagawanywe kwa muda mrefu kulingana na pensheni, wakakubali kwa maandishi. Na kaka akaandikwa kwenye orodha yangu kama mtu ambaye huenda atanidai akishanilipia. Sisi ni watoto wa mama mmoja. Kama angepata habari kwa dalali, au kwa barua ya madai, sijui tungezungumza lini tena. Kazi hiyo haikuwemo kwenye ada yoyote tuliyokubaliana.

Kilichonisumbua zaidi ni kikoba. Tunakutana Jumamosi, barazani kwa mwenzetu, Makorora. Hawa ni wanawake waliokuja kulala kwangu nilipofiwa. Deni lao lilikuwa milioni moja na laki nane, na wenyewe walinijia wakasema: dada, sisi utulipe kimyakimya kwanza, halafu nenda mahakamani na hao wenye mabenki. Nilikuwa na kiasi kidogo kilichobaki cha sare za rejareja, nikaona ni haki kabisa. Nikamuuliza wakili. Akakataa, na alikataa kwa huruma. Akanieleza kwamba aliyeshindwa kulipa wote hana ruhusa ya kumchagua mmoja wa kumlipa karibu na kwenda mahakamani. Msimamizi wa ufilisi akiyaona malipo hayo anaweza kuomba yabatilishwe, na wenzangu wa kikoba wangetakiwa kuzirudisha hela ambazo wameshazila. "Utakuwa umewaletea kesi wakati ulitaka kuwaletea heri." Nikawaambia Jumamosi iliyofuata. Wawili walilia. Mmoja hajaniamkia vizuri tangu siku hiyo, na namwelewa. Waliwasilisha dai lao kwa fomu kama wadai wengine, na wakili aliwaelekeza namna ya kujaza bila kuwatoza kitu, ingawa aliwaambia wazi kwamba yeye ni wakili wangu na kama wanataka ushauri wao wenyewe wakatafute mtu wao.

Nina kiwanja Pongwe. Nilikuwa nacho, niseme hivyo sasa. Ndugu, majirani, hata fundi wangu mmoja, wote walinishauri kiandikwe jina la binti yangu. Kuna na mwanamume aliyenifuata nje ya mahakama, amevaa suti, ana mkoba, akasema kwa laki tatu anatengeneza hati ya zawadi yenye tarehe ya miaka miwili nyuma. Hawa ndio mawakili vishoka tunaowasikia. Wakili wangu alipolisikia hilo alinionyesha kwenye simu mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili, unaandika jina la mtu unaona kama ni wakili kweli na kama leseni yake ya mwaka huo imehuishwa. Jina la yule bwana halikuwemo. La wakili wangu tulilitafuta pia, aliliandika mwenyewe mbele yangu, likatoka. Kuhusu kiwanja alisema maneno machache tu: kukificha ni kosa la jinai, na kila kitu kingine tulichokiandika kwa ukweli kingeanza kutiliwa shaka kwa sababu ya kiwanja kimoja. Kikaandikwa. Kikauzwa. Kiliniuma na bado kinaniuma nikipita barabara ile, lakini siku ya kuhojiwa mahakamani nilijibu swali la kiwanja bila kumeza mate.

Kwenye mikopo midogo ndipo elimu yake ilipoonekana. Mkopeshaji mmoja, wa hawa tunaowaita kausha damu, alikuwa ananitoza asilimia 20 kwa mwezi. Wakili akafungua orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hakuwemo. Akaniambia kikomo kilichowekwa kwa wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Na ule mkopo wa kwenye simu, ambao walikuwa wanawatumia watu wote wa kwenye simu yangu meseji kwamba mimi ni tapeli, mpaka imamu wa msikiti wetu, ulitoka kwenye programu iliyokuwa miongoni mwa zile 69 ambazo Benki Kuu ilizitangaza Novemba 2024 kwamba zinakopesha bila kibali. Nikashangilia, nikasema basi hao tuwafute. Akanizuia. Madeni yote yanaandikwa, hata unayoyapinga. Kupinga kunafanyika wadai wanapothibitisha madai yao. Yule wa asilimia 20 alipotakiwa kuleta mkataba na leseni, hakuonekana.

Kabla ya kufungua shauri aliandika barua kwa kila mdai kuomba makubaliano nje ya mahakama. Kwa maoni yangu wakili asiyefanya hivi anakukimbiza. Benki walishachukua kirikuu changu, kilichokuwa dhamana yao, wakakiuza, ikabaki nakisi. Wengine walikuwa tayari kusubiri. Muuza vitambaa hakutaka, na ni haki yake, alikuwa na hukumu. Ndipo tukaenda Mahakama Kuu.

Maombi na kiapo aliviandaa kwa Kiswahili. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa: niliapa juu ya maneno niliyoyasoma mwenyewe. Taarifa ya mali na madeni ilikuwa ndefu. Iliingia mpaka sufuria. Ilipakiwa kwenye mfumo wa Mahakama, tukalipa kwa namba ya malipo ya serikali, tukapangiwa tarehe. Mahakama ilipotoa amri ya kuweka mali zangu chini ya msimamizi wa ufilisi, ambaye ni wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, yale maombi ya kunifunga yalisimama. Wadai wasio na dhamana hawakuruhusiwa tena kunifuata mmoja mmoja bila ruhusa ya mahakama. Nililala usingizi wa mtu mzima.

Aliniandaa kwa kila hatua kabla haijafika, na kwa hili namsifu kuliko chochote. Aliniambia jina langu litatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti la kawaida, kwa hiyo nikawaambia wanangu mapema, tukiwa tumekaa mezani, kabla hawajaonyeshwa na mtu. Aliniambia nitahojiwa hadharani chini ya kiapo, na jioni moja akakaa upande wa pili wa meza akawa ananiuliza kama mdai mwenye hasira: ile hela ya oda ya kwanza ilikwenda wapi, nani ana ile cherehani ya tatu, mbona ulimpa dada yako laki mbili mwezi wa pili. Hiyo laki mbili ilikuwa ya hospitali, na risiti ya Bombo ninayo. Akaniambia niibebe. Swali lile liliulizwa kweli.

Cherehani nisimulie kidogo. Nilikuwa nazo nne na ovaloki moja. Sheria inamwachia muflisi vyombo vya kazi yake, nguo na matandiko, lakini thamani yake ina kikomo, haikuachii karakana nzima. Afisa alipokuja dukani alizipitia moja moja, akaandika namba zilizochongwa kwenye vyuma vyake. Wakili alikuwepo. Alikuwa ameniambia nichague mapema moja ninayoiombea, niwe na sababu. Nilichagua Butterfly nyeusi ya kukanyaga, kuukuu kuliko zote, rangi ya dhahabu ya maandishi imeshafutika pale mkono unapopumzika, mkanda wake nimeubadilisha mara nyingi. Haili umeme, inashona drili na kaki bila kuruka nyuzi, na sokoni haina bei kubwa. Zile za umeme zilikuwa na thamani kwa wadai. Afisa akaikanyaga mwenyewe, akasikiliza mlio, akaandika. Iliachwa. Nyingine zilibebwa na ovaloki ikiwa juu ya toroli. Mafundi wangu wawili niliokuwa nawadai mishahara... samahani, waliokuwa wananidai, waliwekwa kwenye kundi la wanaolipwa mbele ya wadai wa kawaida, kwa kiwango kilichowekwa na sheria. Sikujua hilo linawezekana, na lilinipa amani kubwa.

Sasa upande usioridhisha. Simu haipokelewi. Akiwa mahakamani simu yake iko kimya, na kijana wa mapokezi anajua kusema "yupo kwenye kesi" na hajui zaidi. Kwa mtu ambaye kila akisikia pikipiki nje anadhani ni dalali wa mahakama, kusubiri majibu mpaka kesho yake ni mateso. Ijumaa baada ya swala ofisi mara inafunguliwa, mara haifunguliwi. Na gharama za nje ya ada hazikuelezwa zote kwa wakati: ada yenyewe milioni moja na laki mbili kwa awamu tuliikubali kwa maandishi, lakini tangazo la gazeti na safari ya Dar es Salaam, RITA, zilikuja baadaye. Ada aliilipa binti yangu kwa mshahara wake, wakili akataka hilo liandikwe pia. Nyota moja naikata kwa hayo.

Asiye na wa kumlipia asikae nyumbani. Kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017, na kwenye halmashauri kuna maafisa wanaoweza kukuonyesha walio karibu nawe. Ufilisi si kazi ya kila msaidizi wa kisheria, lakini atakusomea mkataba na kukuambia kama kweli unahitaji wakili.

Maisha ya sasa: mimi ni muflisi ambaye bado hajaachiliwa. Siwezi kukopa bila kumweleza anayenikopesha hali yangu, siwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Maombi ya kuachiliwa yatakuja, na wakili ameniambia mapema kwamba mahakama inaweza kukubali, kukataa, kuahirisha, au kuweka sharti la kulipa sehemu ya kipato changu. Hajaniahidi lolote. Nashona madera na sare za rejareja, kwa Butterfly ile ile, malipo mkononi.

Ukienda kwa wakili yeyote kwa jambo hili, beba mikataba yote hata iliyochanika, taarifa ya benki ya mwaka mzima, na majina ya wote waliokudhamini. Meseji za mikopo ya simu usizifute, hata za matusi. Na fika kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo wako mahakamani.